Uchambuzi wa kisa: beki wa miaka 20, mkataba unaisha, na karatasi mbili ambazo klabu haikuzisoma

Kabla hujasoma

Jina la klabu, nchi, ligi na majina ya watu wote nimetoa. Hela nazo nimezigeuza, mshahara wa zamani wa dogo kwa mwezi nauita 10 na kila kiasi utakachokiona humu kipimie hapo. Tarehe nimezifuta, nahesabu kwa miezi iliyobaki kwenye mkataba, maana kiukweli ndiyo saa pekee iliyokuwa na maana. Mimi nilikuwa ndani ya kamati ya usajili, kwa hiyo hii siandiki kama mtu wa jukwaani, sehemu ya lawama ni yangu.

Dogo alivyofika hapo

Alikuja kwenye kikosi cha vijana akiwa na miaka 14, winga wa kushoto, mwembamba, mbio za kawaida tu. Kocha wa vijana akamrudisha namba tatu, yaani beki wa kushoto, baada ya mwaka akamsogeza beki ya kati. Sababu ilikuwa moja, mguu wa kushoto.

Kwa asiyefuatilia sana hii inaweza kuonekana ni jambo dogo. Chukua mpira umetoka kwa kipa kwenda kwa beki wa kati wa upande wa kushoto. Kama anatumia kulia, lazima aukunje mwili kuingia ndani ndo auweke mpira kwenye mguu wake, na sekunde hiyo ndo mshambuliaji anayoisubiri. Mwenye kushoto anaupokea na mguu wa nje, kifua tayari kinatazama mbele, anaona namba tatu wake, anaona winga, anaona kiungo, yote kwa mguso mmoja. Kocha wetu mkuu alikuwa na klipu moja anatuwekea kila kikao mpaka tukamchoka, dogo anapokea, mtu anamkimbilia, anajifanya anarudisha kwa kipa, halafu anapita naye kushoto taratibu kama anatembea. Mabeki wa hivyo ni wachache na wakipatikana bei yao iko juu, ndo maana timu nyingi zinakubali kumweka mtu wa kulia pale na kuvumilia.

Akiwa na miaka 17 na miezi 10 tukasikia klabu nyingine inamnyemelea, tukamsainisha haraka haraka mkataba wa kwanza wa kulipwa. Miaka mitatu, na juu yake kipengele kwamba klabu ikitaka yenyewe inaongeza mwaka mmoja. Katibu wa kipindi kile alitoka ofisini anatabasamu, "tumemfunga minne." Hiyo minne ikumbuke.

Mwaka wa kwanza alicheza mara chache, wa pili akaanza kuzoeleka, wa tatu akawa wa kwanza kwenye orodha. Doa lake lilikuwa misuli ya nyuma ya paja, iliuma mara mbili ndani ya msimu mmoja na mara ya pili alikaa nje wiki saba.

Mambo yalivyokwenda

*Imebaki miezi 14.* Wakala anapiga simu, anataka tukae tuongee mkataba mpya mapema. Tukamjibu tusubiri msimu uishe. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, tulikuwa na dirisha la usajili mkononi, tunahangaika na mshambuliaji, na dogo si alikuwa wetu bana, ana mkataba na ana mwaka wa ziada kabatini.

*Imebaki miezi 9.* Tukatoa ofa ya kwanza. Mshahara 13, miaka minne, pesa ya usajili (ile anayopewa mchezaji akisaini) kidogo, hakuna kipengele cha kuondoka, yaani bei ambayo klabu nyingine ikiileta hatuwezi kumzuia. Hesabu yetu ilikuwa kwamba kutoka 10 kwenda 13 ni ongezeko la asilimia 30, nani anapewa asilimia 30? Wakala hakujibu. Tukadhani anajiuliza. Alikuwa anahesabu siku.

*Imebaki miezi 7.* Mishahara ikachelewa. Mwezi mmoja kamili, halafu wa pili ukalipwa nusu. Wachezaji wakubwa walinung'unika, dogo hakusema kitu.

*Imebaki miezi 6.* Hapa kanuni za FIFA zinafungua mlango, mchezaji ambaye mkataba wake umebakiza miezi sita au pungufu yuko huru kusaini kwingine, ila klabu inayomtaka inatakiwa kuijulisha klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Barua ikaja kweli, safi kabisa, kutoka klabu ya nje ya nchi. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti kikaoni na akacheka. Akasema mambo mawili, kwanza tunatumia ule mwaka wa ziada na habari inaisha, pili hata akienda bure tutalipwa fidia ya mafunzo maana tumemlea toka ana miaka 14. Kikao kizima tukatulia, mimi nikiwemo, nakumbuka nilihamia ajenda ya basi la timu.

Mwanasheria wetu, mama mmoja mpole ambaye huwa tunamwita kwenye kugombana tu, aliomba apewe faili alipitie usiku. Kesho yake akaja na mkataba wa dogo umewekwa kikaratasi cha njano ukurasa wa nne.

Akauliza, "Siku anasaini alikuwa na miaka mingapi?"

Katibu akasema 17, karibu 18.

"Basi huu mwaka wa nne haupo."

Kanuni iko wazi, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu, na kifungu chochote kinachovuka hapo hakitambuliwi. Tungesubiri miezi miwili tu afikishe 18 tungeweza kumpa hadi mitano. Sisi tulikimbia, na mwaka tuliokuwa tunautegemea ulikuwa wino tu.

Mwenyekiti akasema sawa, fidia ipo. Mama akafungua karatasi ya pili. Fidia ya mafunzo ni kweli inalipwa mchezaji akihamia klabu ya nchi nyingine kabla mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23 haujaisha, hata kama mkataba wake umeisha, na miaka inayohesabiwa ni kuanzia 12 hadi 21. Lakini klabu zimepangwa kwenye makundi manne na mchezaji akienda kwenye klabu ya kundi la nne hakuna fidia hata senti. Akatugeuzia barua ya wale jamaa. Kundi la nne.

Mtu mmoja pale akasema "aisee" na hakuna aliyeongeza neno kwa muda.

Tulichokuwa nacho mezani

*Imebaki miezi 5.* Kabla ya lolote mwanasheria alitulazimisha tulipe malimbikizo yote ya mishahara, ya timu nzima, si ya dogo peke yake. Sababu ni kwamba klabu ikidaiwa mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaweza kuiandikia notisi ya siku 15 na asipolipwa anavunja mkataba kwa sababu halali. Sisi tulikuwa tumefika mwezi na nusu. Yaani kilichotutenganisha na kumpoteza siku yoyote kilikuwa nusu mwezi wa mshahara ambao kwa klabu ni hela ndogo. Wakala alikuwa anajua, barua yake moja ilikuwa na mstari unaotaja tarehe za mishahara bila kulalamika, kama mtu anayekuonyesha tu kwamba kalenda anayo.

Halafu tukaweka njia tatu. Moja, tumwache aende na tutafute mwingine. Mbili, tukubali masharti ya wakala, mshahara 28, pesa ya usajili 150, miaka miwili. Tatu, tutengeneze kitu cha kati ambacho dogo angekitaka kuliko ofa ya wale wa nje.

Njia ya kwanza ilikuwa na wafuasi kuliko nilivyotegemea. Hoja yao ilikuwa ile misuli ya paja na "akipewa huyu 28 kesho kila mtu atataka." Kilichowanyamazisha ilikuwa hesabu ya mtunza fedha kwenye kipande cha karatasi. Beki wa kati wa mwisho tuliyemnunua, mtu wa kulia, miaka 27, alitugharimu ada ya uhamisho 300, pesa ya usajili 120, na mshahara 25 kwa miezi 24 ambayo ni 600. Jumla 1020. Dogo kwa madai yote ya wakala bila kupunguza hata shilingi ni 28 mara 24, yaani 672, na 150 juu, jumla 822. Ni mdogo kwa miaka saba, ana mguu tunaoutafuta, na ukimuuza unapata kitu.

Hapo ndo niliona miezi yote ile tulikuwa tunapiga hesabu ya kitu kisichohusika. Tulimpima kwa mshahara wake wa juzi, ambao alikubali akiwa mtoto wa 17 asiye na jina. Swali la mchezaji anayekaribia kuwa huru ni moja, siku akiondoka utatoa kiasi gani kuziba lile pengo. Na sisi jibu lake lilikuwa kwenye vitabu vyetu wenyewe, hakuna aliyelifungua.

Maamuzi na sababu zake

Tulibadilisha watu wa mazungumzo. Mwenyekiti akatoka, akaingia kocha na mwanasheria. Upande wa pili tuliomba aje dogo mwenyewe, mama yake na mjomba wake, pamoja na wakala. Wakala hakupenda ila hakukataa.

Kikao kile hela haikutajwa saa nzima ya kwanza. Kocha alileta kompyuta, akamwonyesha dogo mechi sita na akamwambia mapungufu yake waziwazi, kwamba mipira ya juu nguzo ya mbali anachelewa kuruka, na kwamba anataka amjenge kuwa beki anayeanzisha mashambulizi. Mama wa dogo akauliza swali ambalo hatukuwa tumeliandaa kabisa. "Kule anakotakiwa, mwenye nafasi yake ni nani?" Wakala akasita kidogo, akasema wapo wawili wazoefu. Mama akaitikia kwa kichwa na kuandika kwenye daftari lake. Mjomba yeye alikuwa na moja tu, "mkisema tarehe ya mshahara, iwe tarehe."

Kutoka hapo dili likajengwa hivi.

Miaka mitatu. Sisi tulitaka minne, wao miwili. Mitatu ilitupa nafasi ya kumuuza akiwa bado na mkataba, na kwao ilimaanisha akiwa na miaka 23 na nusu hivi anarudi mezani.

Mshahara wa kupanda, 18 mwaka wa kwanza, 22 wa pili, 26 wa tatu, na pesa ya usajili 60 kwa awamu mbili. Ni pungufu ya alichotaka wakala kwa mbali, ila ukilinganisha na 13 yetu ya aibu ni kitu kingine.

Misuli ya paja hatukuitumia kukata mshahara. Daktari wa timu alitaka kipengele cha kupunguza malipo akiumia muda mrefu, kocha akagoma, akasema mchezaji anayejua akiumia anakatwa hela anaficha maumivu, na paja linalofichwa linachanika. Badala yake tukaweka bonasi kwa kila mechi kumi anazoanza. Uamuzi huu mpaka leo nauona ndo mzuri kuliko yote.

Asilimia ya mauzo. Wakala alitaka asilimia 10 ya uhamisho wa baadaye iende kwenye kampuni yake. Haiwezekani, FIFA ilipiga marufuku mtu wa tatu kumiliki sehemu ya thamani ya mchezaji toka 2015. Lakini mchezaji mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu wa tatu, kwa hiyo ile 10 tukampa dogo. Wakala alikunja uso, mama alifunga daftari.

Na mwisho kipengele cha kuondoka. Hiki ndo kilichowafanya washuke kwenye mshahara, klabu yoyote ya nje ikileta 500 hatuwezi kuzuia. Namba 500 ilitokaje? Mtu akasema hela kubwa zaidi tuliyowahi kuuzia beki ilikuwa 250, tuizidishe mara mbili. Dakika tano, tukapita.

Akasaini ikiwa imebaki miezi mitatu.

Matokeo

Uwanjani alilipa. Mwaka wa kwanza wa mkataba mpya misuli haikumsumbua hata mara moja, sijui kama ni bonasi au ni mazoezi ya nguvu aliyopangiwa, pengine vyote.

Ndani ya vyumba vya kubadilishia nguo ilikuwa stori nyingine. Siku ya pili tu baada ya kusaini nahodha aliingia ofisini na simu mkononi, namba zote anazo, hadi awamu za pesa ya usajili. Yeye alikuwa anapokea 20. Hakupiga kelele, alisema tu, "mwakani dogo ananipita, nimwambie nini akichelewa mazoezi?" Tulimpandisha hadi 24, na beki wa kulia naye akapanda kwa 3. Hiyo ni 7 kila mwezi ambayo haikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote, kwa mwaka ni 84, zaidi ya pesa ya usajili ya dogo mwenyewe.

Baada ya miezi 16 klabu ya nje ikaleta 500 kamili. Hawakuuliza bei, hawakuomba kikao, walituma karatasi. Tukatoa asilimia 10 ya dogo, tukabaki na 450, na tukasherehekea maana ilikuwa rekodi. Nusu mwaka haukupita wakamuuza nchi nyingine kwa zaidi ya mara tatu ya ile. Kwenye mauzo hayo tulipata mgao wa mshikamano, ile asilimia 5 ya dau inayogawiwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Kwa kuwa tulikuwa naye toka 14, fungu letu lilikuwa kama asilimia tatu na nusu. Inasaidia, ila ni makombo ya mkate tuliouoka wenyewe.

Nilichoona kimefanya kazi na kilichoharibika

Watu wakisimuliwa kisa hiki husema kosa ni kipengele cha 500. Namba ilikuwa mbovu, sikatai, tuliangalia nyuma tulichowahi kuuza badala ya kuangalia wanunuzi wanalipa nini kwa beki wa kati wa mguu wa kushoto wa umri ule. Tungeweza pia kuifanya ipande kila mwaka kama mshahara ulivyopanda, au tukomae tupate asilimia kwenye mauzo yanayofuata. Lakini bila kipengele chochote dogo asingesaini, hilo nina uhakika nalo, na tungebaki na sifuri ambayo mama mwanasheria alituonyesha. Kipengele kilikuwa ni bei ya kuchelewa. Kama tungekaa na wakala siku ile anapiga simu imebaki miezi 14, dogo akiwa bado anacheza kwa zamu, angesaini minne kwa 15 au 16 na asingethubutu kudai mlango wa kutokea.

Kwa nini hatukukaa? Hapa narudi kwenye zile karatasi mbili. Hatukuwa wabahili kihivyo wala hatukumdharau dogo. Tulikuwa tumetulia kwa sababu tuliamini tuna kinga mbili, mwaka wa ziada na fidia, na hakuna kati yetu aliyewahi kufungua kanuni kuangalia kama kinga zenyewe zipo. Mtu mwenye kinga hewa anafanya mazungumzo vibaya kuliko asiye na kitu kabisa, maana asiye na kitu angalau anawahi. Na wakala tuliyemtukana vikao vitatu mfululizo ndo alikuwa pekee aliyesoma.

Kulipa malimbikizo kwanza kulisaidia kuliko nilivyodhani, kwa sheria na kwa heshima pia, yule mjomba asingekaa meza moja na watu wanaomdai uvumilivu. Kumleta kocha na klipu zake nako kulisaidia, na swali la mama lilifanya kazi ambayo sisi tusingeweza, tungelisema sisi lingeonekana fitina.

La nahodha sina utetezi. Mkataba wa kijana mmoja unagusa daftari zima la mishahara, na tulitakiwa tumwite yeye kabla ya kusaini, siyo kumsubiri aje na simu.

Wiki juzi katibu, wa sasa, si yule, ameleta rasimu ya mkataba wa kiungo wetu wa kikosi cha vijana. Ana miaka 17 na miezi 9, kuna timu inamfuatilia, kwa hiyo kila kitu ni haraka. Miaka mitatu na mwaka mmoja wa ziada kwa hiari ya klabu. Ukurasa wa nne. Nimempigia simu mama mwanasheria, ameuliza tu dogo anatimiza 18 tarehe ngapi.